Fauni, mzuka au kikaragosi: uanze na ipi kati ya filamu tatu za Guillermo del Toro kuhusu watoto na vita?

Bango la El laberinto del fauno limewapoteza wazazi wengi. Msichana mdogo, mti uliopinda kama pembe, giza la buluu: mtu akiliona anadhani ni ngano ya kuwatuliza watoto jioni. Miaka kadhaa iliyopita niliiwasha sebuleni mpwa wangu wa miaka tisa akiwa kando yangu. Nusu saa haikuisha nikaizima. Yeye hakuogopa kiumbe chochote cha ajabu. Aliogopa mwanajeshi aliyeshika chupa.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama aitazame filamu hiyo, namuuliza kwanza anaitazama na nani, na anatafuta nini. Mwongozaji wake, Guillermo del Toro wa Mexico, amerudi mara tatu kwenye jambo lile lile: mtoto anayeishi chini ya ufashisti huku kando yake kuna kitu kisicho cha dunia hii. Kwanza ni El espinazo del diablo ya mwaka 2001, yaani Uti wa Mgongo wa Shetani. Ya pili ni El laberinto del fauno ya mwaka 2006, ambayo dunia inaijua zaidi kwa jina la Pan's Labyrinth. Mimi nitaiita Mzingile. Ya tatu ni Pinocchio ya mwaka 2022, aliyoiongoza pamoja na Mark Gustafson. Anayetaka moja hukwama kwa sababu zote tatu husifiwa kwa maneno yale yale, ilhali kuzitazama ni mambo matatu tofauti kabisa.

Nimezipima kwa mambo matano: vita inayosimuliwa, kazi ya ngano ndani yake, ukatili unaoonekana, utii anaodaiwa mtoto, na hali ya kuketi kuitazama, yaani lugha, muda na sauti. Mwisho wa filamu yoyote sitautaja.

Vita iliyo nyuma ya hadithi

Filamu mbili za kwanza ziko Hispania. Julai 1936 majenerali waliiasi serikali ya jamhuri iliyochaguliwa. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaendelea hadi tarehe 1 Aprili 1939, Jenerali Franco aliposhinda kwa msaada wa Hitler na Mussolini.

Uti wa Mgongo inatuweka mwishoni mwa vita hiyo, wakati watu wa jamhuri wanajua kwamba wanashindwa. Mahali ni nyumba ya yatima katikati ya uwanda mkavu, wanapotunzwa watoto wa wapiganaji wa jamhuri. Uani limesimama bomu lililoanguka bila kulipuka, pua yake ndani ya ardhi, na watoto wanaamini kwamba moyo wake bado unadunda. Mapigano hatuyaoni. Tunachoona ni uhaba wa chakula, dhahabu iliyofichwa kwa ajili ya harakati, na siku moja mjini ambapo Daktari Casares, mzee mpole, anashuhudia mateka wakipangwa ukutani na kupigwa risasi.

Mzingile inaanza mwaka 1944. Kwenye karatasi vita imekwisha miaka mitano iliyopita, lakini milimani bado kuna wapiganaji wa msituni, na Kapteni Vidal amepiga kambi kwenye kinu cha zamani ili awamalize. Amemleta mke wake mjamzito, Carmen, pamoja na Ofelia, binti wa kambo. Magofu yanayopita mwanzoni mwa filamu ni ya Belchite, mji ulioteketea mwaka 1937 na kuachwa hivyo hivyo. Kuna jambo moja ambalo mtazamaji akilijua kabla, filamu inamuuma zaidi. Wale wapiganaji wanasoma gazetini kwamba majeshi ya Washirika yametua Normandy, na nyuso zao zinachangamka: sasa Franco naye ataondolewa. Hakuondolewa. Alitawala hadi alipokufa Novemba 1975.

Pinocchio inahamia Italia. Inaanza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, bomu linapoangukia kanisa la kijiji na kumuua Carlo, mwana wa fundi seremala Geppetto. Kisha inaruka hadi miaka ya Mussolini. Huyu ndiye Mussolini aliyelituma jeshi kuivamia Ethiopia mwaka 1935, na kivuli chake kilifika hadi kwetu: kile kikanisa kidogo cha Mai Mahiu nchini Kenya, kando ya barabara inayoteremka Bonde la Ufa, kilijengwa mwaka 1942 na mateka wa Kiitalia. Filamu yenyewe haifiki Afrika, ila mtazamaji wa huku hahitaji kuelezwa kwamba yule mtu mfupi anayeshuka garini kwa mbwembwe alikuwa hatari.

Anayetaka kuielewa historia atapata mengi zaidi kwenye Mzingile. Uti wa Mgongo hukufanya uihisi vita bila kukufafanulia. Pinocchio inaichora kwa mistari minene, kama inavyofaa kwa mtoto.

Ngano na viumbe wake

Hapa nitakaa zaidi kwenye Mzingile, kwa sababu ndiyo filamu iliyojengwa kama ngano kuanzia msingi hadi paa. Aliyekulia kwenye "paukwa" na "pakawa" ataitambua mifupa yake mara moja. Kuna binti mfalme aliyepotea, kazi tatu, kitabu chenye kurasa tupu zinazojiandika, ufunguo, chaki inayochora mlango ukutani, na chakula ambacho hakiruhusiwi kuliwa. Chini ya kitanda cha mama mgonjwa umefichwa mzizi wenye umbo la mtoto mchanga, unalishwa maziwa na matone ya damu. Ni mandragora, mmea ambao Biblia ya Kiswahili huuita tunguja, ule ambao Raheli alimwomba Lea.

Anayempa Ofelia kazi hizo ni fauni, kiumbe mrefu mwenye pembe na miguu ya mbuzi. Msomaji wa pwani aliyesikia tangu utotoni habari za majini wenye kwato atamshuku, na yuko sawa kumshuku. Filamu inataka tujiulize hadi dakika za mwisho kama huyu anamtakia mtoto mema. Mtazame vizuri: kadiri hadithi inavyosonga, anazidi kuwa kijana. Aliyemwigiza ni Doug Jones, Mmarekani asiyejua Kihispania, ambaye hata hivyo alijifunza maneno yote ili midomo ilingane na sauti ya mwigizaji mwingine iliyowekwa baadaye.

Doug Jones huyo huyo ndiye zimwi la ile karamu. Jitu jeupe, ngozi imening'inia, macho limeyabeba kwenye viganja, limekaa kichwani mwa meza iliyojaa vyakula. Pembeni kuna rundo la viatu vya watoto. Muda mfupi kabla ya hapo tumemwona Kapteni Vidal naye amekaa kichwani mwa meza, akiwakirimu padri na wakubwa wa eneo huku wakijadili kuwapunguzia wanakijiji mgao wa chakula. Hizo meza mbili ndizo filamu yenyewe. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ofelia ana zimwi limjualo, linaishi nyumba moja na mama yake, na methali hiyo haimsaidii.

Je, hayo yote yanatokea kweli au ni mawazo ya mtoto? Del Toro ameacha ushahidi wa pande zote mbili, na watu wazima wenye akili timamu wamebishana juu yake kwa miaka mingi. Mimi naamini fauni yupo. Ukimaliza, amua mwenyewe.

Uti wa Mgongo haina mazimwi. Ina mtoto mmoja aliyekufa, Santi, aliyetoweka usiku ule bomu lilipoanguka, na wenzake wamempa jina la yule anayehema. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Mzuka hukutokea ukashtuka, yakaisha. Mzimu una haki yake kwa walio hai, na hautulii mpaka utendewe inavyostahili. Santi anaingia kama mzuka, lakini ni mzimu. Filamu inafungua kwa kuuliza mzuka ni nini, na jibu lake la kwanza ni kwamba ni janga lililohukumiwa kujirudia. Kila kitu baada ya hapo kinalitimiza jibu hilo, hata vile visivyohusu wafu. Anayezoea filamu za kutisha za siku hizi ataiona ya taratibu, na huenda akaotea siri yake mapema. Siri siyo nguvu yake. Nguvu yake ni huruma.

Pinocchio anatoka kwenye kitabu cha Carlo Collodi kilichochapwa mwaka 1883, hivyo wengi wanaijua hadithi: kikaragosi cha mti, pua inayorefuka, samaki mkubwa. Kilichoongezwa ni kifo. Geppetto anamchonga mtoto huyu akiwa amelewa kwa majonzi, usiku wa mvua, kutoka kwenye msonobari uliokua kaburini kwa mwanawe. Kila Pinocchio anapokufa hukutana na Mauti mwenyewe na hurudishwa, ila kila mara hungoja muda mrefu zaidi. Tukio ninalolipenda halina uchawi wowote. Kikaragosi anasimama kanisani mbele ya sanamu ya Yesu iliyochongwa na Geppetto, anauliza kwa nini watu wanampenda yule nao wanamchukia yeye, ilhali wote wawili ni mti. Hakuna mtu mzima mle ndani mwenye jibu zuri.

Ukatili unaoonekana

Niseme waziwazi, maana hapa ndipo watu huumia bila kutarajia.

Mzingile ndiyo kali kuliko zote. Mapema kabisa Kapteni Vidal anamponda kijana mmoja usoni kwa chupa, mbele ya baba yake, kwa tuhuma kwamba ni waasi; walikuwa wakiwinda sungura. Kamera haigeuki. Baadaye kuna mateka mwenye kigugumizi anayeteswa, mguu unaokatwa kwa msumeno, na jeraha la uso linaloshonwa mbele ya kioo. Kuna pia ujauzito unaokwenda vibaya, damu nyingi. Mama aliyepoteza mimba au aliyejifungua kwa shida afikirie mara mbili, au aitazame na mtu wa kumshika mkono. Nchini Marekani ilipewa daraja la R, maana yake asiyefikisha miaka 17 aende na mzazi.

Uti wa Mgongo nayo ina daraja hilo hilo. Kuna moto, kuna vifo vya watoto, kuna kisu. Lakini ukatili wake unakuja kwa vipindi, na aliyeubeba ana sura ya kueleweka. Jacinto, mlinzi wa nyumba, alikuwa yatima humo humo. Anakuchukiza, na bado unaiona njia iliyomfikisha pale. Kwa upande huu naipa filamu hii uzito kuliko Mzingile, ambako Vidal ni mwovu toka mwanzo hadi mwisho na filamu haitafuti sana kumwelewa, isipokuwa kupitia ile saa ya mfukoni ya baba yake.

Pinocchio iliruhusiwa kwa watoto wakiwa na wazazi. Damu haionekani. Kinachobaki ni huzuni: mtoto anakufa dakika za mwanzo, na baba analia kwa namna ambayo mtu mzima aliyefiwa ataijua. Nimeona watoto wakiitazama kwa utulivu huku wazazi wao wakijifuta machozi.

Utii

Hili ndilo linalozifanya filamu tatu ziwe mazungumzo mamoja, na linatugusa sisi kwa namna ya pekee, kwa sababu tumelelewa kwa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu".

Ndani ya Mzingile kila mtu anamwambia Ofelia atii. Mama anamwomba amwite Kapteni baba. Kapteni anadai heshima. Fauni naye anadai utii usio na maswali. Binti anavunja amri kwenye meza ya zimwi kwa kula zabibu mbili tu, na gharama yake ni kubwa, kwa hiyo filamu haisemi kwamba ukaidi ni mzuri siku zote. Inauliza nani mkuu, na anaamuru nini. Kuna mtu mzima mmoja anayemwambia Vidal usoni kwamba kutii kwa sababu tu umeamriwa, bila kujiuliza, ni kazi ya watu kama yeye. Kwangu mimi hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote katika filamu hizi tatu.

Uti wa Mgongo inalitazama jambo hili kwa kundi. Wakubwa wema waliopo, Carmen mkuu wa nyumba na Daktari Casares, ni wadhaifu. Wamechelewa kuona hatari iliyokuwa ikilala chini ya paa lao. Watoto, ambao mwanzoni wanaoneana wao kwa wao, wanalazimika kujifunza kusimama pamoja. Kuna somo la darasani kuhusu watu wa kale waliomwinda mnyama mkubwa kwa umoja. Lisikilize kwa makini.

Pinocchio ndiyo inayogeuza mambo kwa ujasiri zaidi. Ngano ya asili humwadhibu mtoto mkaidi hadi anyooke. Hapa, watoto wanaotii ndio wanaopelekwa kwenye kambi ya vijana kufundishwa kupiga risasi, na Podestà, kiongozi wa kijiji, anamsukuma humo hata mwanawe wa kumzaa. Kikaragosi asiyeweza kunyamaza ndiye pekee anayebaki mtu. Mzazi akiitazama na mtoto, ajiandae kuulizwa swali gumu usiku huo.

Kuketi na kuitazama

Filamu mbili za Hispania zimesemwa kwa Kihispania. Uti wa Mgongo inachukua kama saa moja na dakika 45, Mzingile inakaribia saa mbili. Zote zilipigwa picha na Guillermo Navarro na muziki wake ulitungwa na Javier Navarrete, kwa hiyo ukipenda moja utaijua nyingine kwa sura. Mzingile ilishinda tuzo tatu za Oscar mwaka 2007: ya upigaji picha, ya usanifu wa mandhari na ya vipodozi. Ukiwa makini utaona kwamba dunia ya Kapteni ni ya buluu baridi na mistari iliyonyooka, na dunia ya fauni ina dhahabu, wekundu na mizunguko. Kadiri muda unavyokwenda, rangi hizo zinaanza kuingiliana.

Nina ombi moja kuhusu sauti. Wengi wetu tumezipenda filamu za nje kupitia madijei wanaozisimulia kwa Kiswahili juu ya picha, na sanaa hiyo naiheshimu. Lakini usiitazame Mzingile kwa njia hiyo mara ya kwanza. Mercedes, mtumishi wa nyumba, anamwimbia Ofelia wimbo wa kubembeleza aliousahau maneno, anauvumisha tu kwa pua, na wimbo huo unabeba filamu nzima. Sauti ya msimulizi ikiufunika, umekosa nusu. Vumilia maandishi ya tafsiri.

Pinocchio imesemwa kwa Kiingereza na iko Netflix, karibu saa mbili. Ni vikaragosi halisi vilivyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine, na ilipata Oscar ya filamu ya katuni mwaka 2023. Ina nyimbo. Baadhi hazikunikaa kichwani, na katikati hadithi inahama mahali kwa haraka mno. Mikono ya wachongaji inafidia hilo.

Nani aanze na ipi

Una watoto wa kati ya miaka minane na kumi na miwili, na unataka mtazame pamoja: Pinocchio. Kaa nao, usiwaache peke yao, hasa kama nyumba imefiwa hivi karibuni. Kama msiba bado ni mbichi, ngoja.

Una kijana wa miaka kumi na mitano au zaidi anayependa filamu za kutisha lakini anadhani za maandishi ya tafsiri zinachosha: Uti wa Mgongo. Ni fupi, ina siri, ina watoto wa rika linalokaribia lake, na itamfundisha kusubiri.

Umeshiba filamu za mizuka, unataka kitu kitakachobaki nawe wiki nzima, na unaweza kustahimili damu: Mzingile, usiku, bila simu mkononi.

Wewe ni mwalimu wa historia au wa fasihi: Mzingile inakupa ngano na vita kwa mkupuo mmoja, lakini itazame peke yako kwanza uchague vipande. Kwa wanafunzi wadogo, tukio la kambi ya vijana katika Pinocchio linatosha kwa kipindi kizima.

Umetoka kwenye vita, au umelelewa na aliyetoka huko: sitakuchagulia. Nitakuambia tu kwamba mateso ya Mzingile yanaonyeshwa karibu sana, na kwamba Uti wa Mgongo huacha nafasi zaidi ya kupumua.

Ukitaka zote tatu, fuata mwaka zilipotoka, na uweke siku kadhaa kati ya ya pili na ya tatu. Na majina ya mwisho ya Mzingile yakianza kupita, acha televisheni iwake hadi wimbo wa Mercedes uishe.